Pai ya Boga Niliyoitia Sukari

Mtaa wa Kigera,
Musoma, Mara.
19 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Khalidi,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kanada, wewe, wifi Raya na watoto. Kifua cha Twalha kimepona? Usimwache atoke kwenye hiyo baridi yenu bila kofia. Mimi mwili mzima, Alhamdulillah. Mengine utayasoma.

Leo ni wiki tatu tangu tumzike mama. Najua ulivyoumia kwa kutofika, na dua uliyosomesha huko tumeisikia, Mungu aipokee. Lakini naandika kwa sababu ya lile swali ulilonitupia kwenye simu siku ya tatu ya msiba: "Dada, hata kipande cha pai yenye sukari ulimnyima?" Ukakata kabla sijajibu. Tangu siku ile napika nalo, naswali nalo.

Habari hizo umepewa na shangazi Hafidha. Shangazi si mwongo, alirudia alichokisikia kwa mama mwenyewe. Sasa nisikilize na mimi.

Pai yenyewe unaikumbuka. Mama alifundishwa na sista mmoja Mzungu, alipokuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya misheni kule Nyegina, kabla hatujazaliwa. Kila msimu wa maboga alitupikia, nawe ulikuwa ukiiba ukoko wa pembeni halafu unasingizia paka. Lakini tangu kisukari kimkate mguu, sikumtilia sukari hata kwenye chai. Miaka mitatu nimekuwa polisi ndani ya nyumba yetu. Idi ya mwaka huu alilia kama mtoto akitaka pai yake. Nikaipika bila sukari, nikazidisha mdalasini na iliki, nikamwambia imo. Alitafuna mara moja tu, akanitazama. "Njia ya mwongo fupi," akasema, akaisukuma sahani. Nilicheka siku ile.

Mwezi wa kumi figo ziligoma. Daktari alituita pembeni akasema tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachotamani. Akatamani pai.

Khalidi, sijawahi kupika kitu kwa moyo kama siku ile. Boga nililifuata mwenyewe Butiama kwa mzee Mugeta, aliyekuwa amebakiza machache ghalani tangu mavuno, yale magumu yenye ganda la kijivu. Ya sokoni yalikuwa maji matupu. Nikalipika kwa mvuke, nikaliponda, nikalichuja kwenye kitambaa mpaka likakauka. Maziwa nikayachemsha hadi yakabaki nusu, mazito. Unga nikausugua na samli kwa ncha za vidole, bila kuukanda, kama alivyotufundisha. Mayai, tangawizi, mdalasini, karafuu kidogo. Halafu sukari, kikombe kizima na nusu, ingawa mkono ulishazoea kukataa. Nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, nikakaa palepale na moshi wangu mpaka pai ikashika katikati.

Nilimlisha kwa kijiko, shangazi amekaa pembeni. Alimeza vijiko viwili, akafumba macho. Mimi mjinga nikadhani ni utamu. Alipoyafumbua aliniambia polepole, "Mwamvita, ulinidanganyaga Idi. Na leo tena?"

Niliapa. Nilikwenda kuleta kopo la sukari alione lilivyobaki tupu. Akageukia ukutani. Nesi alinieleza baadaye kwamba figo zikichoka sana hata ulimi hupoteza ladha, lakini maelezo ya baadaye yananisaidia nini? Mama alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, na hakusema nami neno jingine.

Simlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoniamini. Kinachoniuma ni kwamba amekwenda akijua nimemnyima, na sina pa kumfuata nikamweleze. Wewe upo, ndiyo maana nakueleza wewe.

Katika pilikapilika za msiba, sahani ile ilisahauliwa chini ya kitanda chake. Siku ya nne nikaingia kufagia, nikaikuta nyeusi tii. Sisimizi walikuwa wameifunika hata pai yenyewe haionekani, na foleni yao inatoka mpaka nje ya mlango. Nilichuchumaa pale nikawatazama, ufagio mkononi. Sisimizi hawajai kwenye kitu kisicho na sukari, Khalidi, hilo hata wewe unalijua. Ningekuwa na akili ningepiga picha nikutumie. Nikaiosha sahani.

Wifi Raya mpe salamu zangu, na Twalha, na mdogo wake ambaye sijamtia machoni. Shangazi Hafidha anakusalimu. Jirani yetu Rebeka, aliyekuwa akimgeuza mama kitandani, naye anakupa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, alipanue kaburi lake, na sisi wawili tuliobaki atupe masikio ya kusikilizana. Ukiisoma barua hii nipigie. Hata usipokuwa na la kusema, usikate.

Ni mimi dada yako akupendaye, na ambaye mara hii hakudanganya,

Mwamvita