Mfuko wa Kulalia Nilioupigania Darajani

Jumamosi. Joto la kaskazi, fulana imenigandia mgongoni.

Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hakuna mwanamme anayeniweza kwa ngumi, na hakuna anayejua mifuko ya kulalia kama mimi. Skuli niliachia kidato cha pili, lakini niwekeeni mifuko kumi, nifungeni macho, nitakutoleeni ule mwepesi kwa kuunusa tu.

Andikeni popote mnapotaka.

Mambo yenyewe ni haya. Ijumaa ijayo, tukishasali, mimi na Makame tunaanza safari ya miguu, Makunduchi mpaka Nungwi, siku nne, kila mtu na begi lake mgongoni. Makame ni rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, bakora tulikuwa tunachapwa pamoja. Safari hii ni yake, ameitamani tangu hatujaota ndevu. Yeye mfuko anao, mimi nilikuwa sina, na kaniambia wazi: "Bila mfuko huendi. Sitaki mtu wa kunivutia shuka."

Basi leo asubuhi tukaenda Darajani kwa Bi Zuwena, muuza mitumba, maana alikuwa anafungua robota la vitu vya kambi. Robota likishakatwa kamba, sheria ni moja: ulichokitia begani ni chako, kilicho chini ni cha wote. Foleni hakuna. Kuna viwiko.

Kamba ya mwisho ilipokatika nilimkanyaga mtu mguu, mwengine nikamtia kiwiko cha mbavu, nikazama. Mfuko wa kwanza mnene kama godoro, wa watu wa theluji. Kwa joto hili utaiva humo kama ndizi. Nikautupa. Wa pili wa pamba, mwepesi ukiwa mkavu, lakini ukishakunywa jasho na umande utadhani umebeba mtu. Nikautupa. Wa tatu nilipoushika moyo ukaruka. Kitambaa cha kuteleza, ndani umetiwa ujazo kidogo tu, zipu mpaka miguuni, ukitaka unaufungua wote ukawa shuka. Ukikunjwa haupiti mkate wa boflo. Kilo ya sukari inauzidi uzito.

Nikautia begani. Mashahidi wapo.

Lakini mimi fundi, lazima nijaribu. Nikautandika chini, nikaingia, nikavuta zipu mpaka kifuani nione kama urefu unanitosha. Hapo ndipo alipokuja jamaa mmoja wa Mtoni, mchukuzi, shingo kama kinu. Akaukamata kwa miguuni.

"Kilicho chini cha wote," akasema.

"Mimi nimo ndani, huoni?"

"Basi nakuchukua na wewe."

Watu wakacheka. Akaanza kuniburura.

"Bi Zuwena, mimi nshautia begani huu."

"Na ulipoutandika uliuweka wapi, mwanangu?" Hata hakunitazama.

Nikamgeukia yule jamaa. "Kwani huko Mtoni godoro hamna, mnalalia magofu ya kasri?"

Teke lake la kwanza likanipata mbavuni, la pili pajani, na mimi miguu imo mfukoni kama samaki kwenye jarife. Nikajirusha, nikamng'ata shavu la mguu. Akapiga ukelele, akaniangukia. Ngumi yake ikanipasua mdomo, nikameza damu. Nikamkamata masikio, nikamgonga kichwa sakafuni, mara mbili, mara tatu. Meza ya viatu ikaanguka, hatukujali.

Nilikuwa naona raha. Nasema kweli, naona raha.

Sasa, kwetu ugomvi unaamuliwa hivi: kila mtu humshika mwenzake, si adui. Makame akaja kwa nyuma, akanivuta nikatoka mfukoni, akanibana mikono yote miwili. "Muachie, sheikh, mfuko tu huo." Yule jamaa akapata nafasi, akanitia nyengine ya mdomo, ya bure, nami nimeshikwa kama mbuzi wa Idi. Watu wakacheka tena.

Nikajichomoa, nikageuka, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Makame akakaa chini, kofia bado kichwani. Meno mawili ya mbele yametoka, kipande kimoja kimenasa kwenye kifundo cha kidole changu.

Damu ilinijaa machoni, sikuona ni nani. Ndivyo nilivyowaambia wote, na wa kwanza kuambiwa ni Makame mwenyewe.

"Ajali hiyo, ndugu yangu," akasema, kanga ya Bi Zuwena kaizibia mdomo. Jamaa wa Mtoni alishaondoka, anachechemea. Bi Zuwena akanitupia mfuko. "Chukua. Ushautia damu, nani tena atautaka?"

Nimeufua. Umekauka kabla sijamaliza chai. Mfuko mzuri, siwezi kuusema vibaya.

Alasiri Makame kanitumia ujumbe wa sauti kutoka kwao Chukwani, maneno yanamvuja kwenye pengo. Anasema Ijumaa iko palepale, niangalie tu zipu isije ikawa imekatika. Nimeusikiliza mara sita. Sijajibu.

Najitazama kwenye kioo. Mdomo umepasuka, mbavu zimevimba. Kuanzia pua kwenda juu sina hata mkwaruzo. Damu yote ilikuwa mdomoni.

Macho yangu yalikuwa mazima. Niliiona kofia yake, nikajua ni Makame, na ngumi nikaiongeza nguvu.