Upande wa Pili wa Rola

Jumatatu, 3 Machi
Juzi tumemzika Kicheko, mwenzangu wa mashine, leo niko kazini. Aproni yake bado inaning'inia msumarini. Nilidhani nitakuta mtu mpya upande wa pili wa mashine. Hamna! Msimamizi wetu tunamwita Bado Kidogo, maana ndilo jibu lake kwa kila ombi. Kasema nijikaze peke yangu kwa sasa. Kicheko naye aliomba kupumzika kichwa kilipomuuma, akaambiwa angoje apatikane wa kumshikia nafasi. Hakupatikana. Alianguka akiwa njiani kwenda nyumbani. Nina hasira.

Jumatano, 5 Machi
Miguu imevimba. Mashine yetu hupiga pasi mashuka ya hospitali na mahoteli, na ni ya watu wawili. Mimi nalisha shuka, Kicheko alikuwa akilipokea na kulinyoosha, vidole karibu kabisa na rola ya moto. Kelele zile, sauti ya mtu haisikiki. Basi tulikuwa na utaratibu wetu, hakuna mkubwa aliyetufundisha: akishatoa mikono, anagonga chuma mara mbili. Ngo, ngo. Hapo ndipo nakanyaga pedali, rola inashuka. Sasa nalisha, nazunguka mbio, nanyoosha, narudi mbio.

Kabla ya hapa nilikuwa kwa shangazi, kwenye kibanda chake cha udobi, tulikuwa watatu tu. Mmoja akiumwa, pasi zinazimwa, wateja wanaambiwa warudi kesho. Malipo ya kubahatisha, ndiyo — na shangazi ana mdomo! Lakini alijua nani amekula na nani hajala. Hapa kiwandani tuko mamia, na mtu akifa rola haipati hata muda wa kupoa.

Ijumaa, 7 Machi
Ngo, ngo.
Nikakanyaga. Mguu umezoea. Halafu ndipo nikakumbuka hakuna mtu kule. Nimechungulia: shuka limetoka, aproni iko msumarini, basi. Ni bomba la mvuke. Mabomba hugonga yakipata moto. Nimejiambia hivyo siku nzima.

Jumapili, 9 Machi
Mume wangu anasema ni uchovu. Kweli nimechoka. Ila sikumwambia lililo baya zaidi: jana chuma kiligongwa tena, na sikuogopa. Nilifurahi. Nilifanya kazi vizuri kuliko wiki nzima, kana kwamba niko na mwenzangu.

Mchana mdogo wangu kaja anacheka, kapata kazi. Kwetu! Upande wa pili wa mashine yangu, kuanzia Jumanne. Nimemsihi aende kwa shangazi. Akaniuliza mbona mimi nilitoka huko.

Jumanne, 11 Machi
Wamempa aproni ya Kicheko. Nimeomba apewe mpya, jibu: bado kidogo. Nimemfundisha kugonga, kashika upesi, asubuhi ikaenda bila tatizo.

Baada ya chakula — ngo, ngo. Mguu ukawa tayari. Sijui kitu gani kilinifanya nichungulie kwanza. Vidole vyake vilikuwa bado chini ya rola, anatoa mkunjo! Hakugonga yeye. Kaapa hakugonga. Nilienda kukaa sakafuni, nikalia kama mtoto. Kicheko, huyu ni mdogo wangu. Ulimfahamu. Ulikula naye nyumbani kwangu.

Alhamisi, 13 Machi
Tangu jana sikanyagi mpaka nizunguke nione mikono yake kwa macho yangu. Mashuka yamerundikana hadi mlangoni. Bado Kidogo kaja, kauliza kulikoni. Nimemwambia mashine hii inataka mtu wa tatu, wa kusimama pembeni na kutazama. Jibu ninalijua. Nikasema basi sikanyagi kwa kusikia tu, maana anayegonga siye mdogo wangu.

Akanitazama sana. Sikutarajia lililofuata.

"Badilishaneni," akasema. "Mdogo wako akanyage, wewe upokee. Utajua mwenyewe kama umegonga au hujagonga."

Mdogo wangu kafurahi, anaona amepandishwa cheo. Nimemwambia asikanyage mpaka nigonge mimi, na nikaomba niende chooni kwanza. Naandika nimesimama humu chooni, mlango wazi. Namwona mgongo tu. Mguu wake uko juu ya pedali, kichwa kainamisha, anasikiliza. Hajui kwamba sijafika kule.

Ngo, ngo.

Anakanyaga.