Kosa Nimeliona, Nikamwacha Mbeyu Aendelee Kujaribu

Babu Shukri, shikamoo, naomba unisaidie kabla hujaanza kunicheka, mimi ni kijana wa Buxton, naandika programu za kompyuta pamoja na dada mmoja aitwaye Mbeyu, yeye hukaa kwao Kisauni mimi huku kisiwani, na zahanati moja imetupa kazi ya kutengeneza ukurasa ambapo mgonjwa ataandika shida yake kwenye simu na nesi peke yake aisome, Mbeyu anaandika upande wa kivinjari, yaani kwenye simu ya mgonjwa, mimi upande wa seva, basi seva yangu humpa kila mgonjwa kitu kama kufuli lililo wazi, wenyewe twakiita ufunguo wa umma, anafungia maneno yake humo, na ufunguo wa siri wa kufungulia unabaki kwenye seva tu, lakini Babu kila tukijaribu seva inakataa kufungua, ndipo tukawa tunashinda kwenye simu, "Haya Musyoka, jaribu sasa," najaribu, inakataa, anacheka, "Hebu ngoja niepue mahamri," nami nasikia mafuta yanavyochacharika na yeye akiimba kwa mbali, natamani hayo mahamri yasiishe, na juzi nikaliona kosa, kabla ya kufungwa maneno hujaziwa takataka za kubahatisha ili mwizi asiyakisie, na kanuni ya kujazia lazima iwe moja pande zote mbili, yeye ametumia mpya kama tulivyopatana, seva yangu isipoambiwa hushika ya zamani, sikuiambia, ni mstari mmoja tu wa kurekebisha na sijaurekebisha, kwa sababu ikifunguka kazi imekwisha na atanipigia kwa lipi tena, sasa jana akasema kwa sauti ndogo, "Musyoka, labda kazi hii mimi siiwezi, nitafute nyingine," nikanyamaza, Babu, nifanyeje?

Musyoka, Buxton

Marahaba, Musyoka. Kucheka nimeshacheka, sasa tusemezane.

Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa miwani ya jirani. Lakini nimekuelewa. Umempa binti wa watu kufuli, akalifunga sawasawa kama mlivyopatana, kisha ukaukalia ufunguo ukamwacha adhani mikono yake ndiyo mibovu. Utaniambia, "Sikusema hivyo, Babu!" Hukusema, ulinyamaza, na yeye amekusikia vizuri sana.

Sikulaumu kwa kutamani. Mke wangu Jannat alipokwenda mbele ya haki, nilitamani hata kule kunigombeza kwake kwa kuacha viatu katikati ya mlango. Mpaka leo naviacha pale pale, na hakuna anayenigombeza. Kwa hivyo sauti ya mtu anayeepua mahamri naijua thamani yake, usidhani nakufanyia mzaha.

Lakini wewe umemfungia ndege tunduni ukakaa kusifu anavyoimba! Na hao wagonjwa je? Mpaka leo mama wa watu yuwaeleza mkojo wake unavyomuwasha pale kwenye dirisha la zahanati, foleni nzima yamsikiliza, na kuna mpumbavu nyuma yuwamwambia apaze sauti. Yote hayo ili Musyoka asikie mafuta yakichacharika. Huna haya?

Leo hii, kabla ya adhuhuri, andika huo mstari wako. Usijaribu peke yako. Mpigie, umwambie maneno haya haya: "Mbeyu, kosa ni langu, nililiona juzi nikaficha, kwa sababu napenda kukusikia." Usitie "samahani kama nimekukwaza", hiyo "kama" ni ya waoga. Kisha ajaribu yeye, aone kwa macho yake kwamba upande wake ulikuwa sawa tangu mwanzo.

Atakutukana. Meza. Akikata simu, usipige tena, hata vidole vikuwashe vipi.

Acha hasira ipoe, halafu vuka daraja uende kwao mchana kweupe. Piga hodi, mwamkie mamake kwanza, utaje jina lako na la wazazi wako, na asikudanganye shetani ukasema umekuja kwa mambo ya kompyuta. Huenda Mbeyu asitoke ndani. Kunywa chai utakayopewa, shukuru, rudi kwako. Yeye atakuwa amerudishiwa imani ya mikono yake, na hilo ndilo la kwanza, mwanangu, hata kama la pili hulipati.

Babu Shukri