Majeruhi Hapigi Kama Mzima

Naryn, Jumatano

Kwa kaka yangu mpendwa Bektemir,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye kambi ya timu yenu, Bishkek. Sisi nyumbani hatujambo, ila mama anakohoa kidogo. Na wewe, mbavu zinaendeleaje? Sijamwambia mama kwamba mbili zimevunjika, kama ulivyoniagiza, lakini kila anapotaja mchezo wenu wa Jumapili mimi huinamia sahani.

Shangazi Gulbara ameweka mchezo mpya wa vita kwenye kompyuta za klabu yake, ninakopika chai. Ule wa zamani ulionifundisha wewe ameuondoa. Ulikuwa ukiniambia kwamba askari aliyebakiwa na tone moja la uhai anapiga sawa na mzima, kwa hiyo nisimhurumie, nimsukume mbele mpaka afe. Ndivyo ulivyonijibu hata kwenye simu, nilipokuuliza katika mchezo wenu utagombaniaje mzoga wa mbuzi juu ya farasi ukiwa na mbavu hizo. Ulicheka, ukasema uhai bado unao.

Huu mpya si hivyo, kaka. Jana vijana wa mtaa wa juu walikuja kupambana nasi. Kiongozi wao, Kubat, aliponikuta kitini aliuliza tangu lini klabu inampa mpika chai kompyuta. Wenzake wakaangua kicheko. Unanijua: masikio yaliwaka moto, nikaanza mchezo.

Kubat alicheza kwa njia yako. Wapanda farasi wake wote walimwangukia mtu wangu mmoja, wakamkatakata mpaka theluji ikawa nyekundu. Wakamhamia wa pili, wakamkanyaga hadi uso ukapotea. Kubat akapiga kelele, "Mpika chai, njoo uzoe maiti zako!" Mimi sikuua mtu. Kila adui nilimpa mshale mmoja tu: huyu begani, yule pajani, mwingine farasi wake shingoni. Kubat hakumrudisha nyuma hata mmoja. Wakaja wakipepesuka. Aliyetobolewa bega alinyanyua panga likaishia usawa wa kifua chake, lisipande zaidi, na farasi wakachechemea huku wakitokwa damu puani. Hapo ndipo nilipowaingilia na wachache niliobaki nao, tukawachinja wote. Kubat aliipiga meza ngumi akidai kompyuta imemwibia, maana watu wake walikuwa bado hai. Shangazi akamwambia, "Hai walikuwa hai, mwanangu, lakini wa kazi gani?"

Watu wakanipongeza, ila mimi sikufurahi. Wa mwisho niliyemuua alikuwa amejikunja, ameushika ubavu, farasi akimzungusha anavyotaka. Nilimkata kichwa akiwa vile vile, wala hakunisumbua. Nilitoka nje, nikakufikiria wewe.

Kaka, hao mtakaokutana nao Jumapili si vipofu. Watakuona unavyopanda, watajua upande gani unauma. Farasi watakugonga hapo hapo, viboko vitafuata, na mfupa utaingia kwenye pafu. Huko chini ya kwato hakuna wa kusimamisha mchezo.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Leo asubuhi nilimpigia simu nahodha wenu, Satkyn. Ndiyo, mimi, ambaye hata mkate dukani naagiza kwa kunong'ona. Nilimweleza habari yote ya mbavu zako. Akaniuliza kama najua kwamba hutanisamehe. Nikamwambia najua. Akasema Jumapili hupandi farasi, unakwenda hospitali.

Barua hii nimempa dereva wa basi kwa sababu najua simu yangu hutaipokea. Mama nimekuachia wewe umweleze mwenyewe, ila usichelewe, anakupikia boorsok, maandazi yetu ya ushindi. Wasalimie wenzako, hata watakaonisema vibaya. Nichukie muda wote utakao, kaka, mradi una pumzi ya kunichukia nayo.

Mdogo wako akupendaye,
Nurzat