Ndugu Yetu wa Dar es Salaam

Jumapili, 11 Novemba 2007. Mtwara mjini.

Joto limekaza tangu alfajiri. Mawingu yanajikusanya upande wa Msumbiji, yanatuchungulia, halafu yanaondoka zao bila hata tone. Hapa intaneti kafe feni ni moja, na imeelekezwa kwa mwenye duka.

Nina aibu. Nalisema mapema kabla sijaanza kupamba, maana kupamba ndiyo kazi yangu.

Wasomaji wachache wa blogu hii mnakijua kile kitabu cha watoto, cha Chiku, msichana anayeshuka chini ya mizizi ya mikoko na kuukuta mji wa Bibi wa Chumvi. Jaladani pameandikwa I. na S. Mchopa. I ni mimi, Issa, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. S ni dada yangu mkubwa, Somoe, mkulima wa korosho na mihogo kule Ziwani, aliyeishia darasa la saba. Sijawahi kumtaja humu. Rudini nyuma mkasome, miezi yote hii ni "mimi" tu, mwanzo mwisho.

Tulikiandika kwa zamu katika kaunta buku, sura yake, sura yangu, na cha pili tunakiandika vivyo hivyo. Daftari linasafiri na jirani yake anayeleta mihogo sokoni. Sheria ni moja: ukimaliza sura, umwache Chiku pabaya, mwenzako ndiye amtoe. Tuliianza miaka ya tisini tukiokota korosho kwenye shamba la baba. Mkorosho huu anasimulia yeye, unaofuata mimi. Aliyeshindwa kumtoa Chiku alibeba ndoo za wote wawili. Nilibeba sana ndoo. Bibi wa Chumvi, yule anayekuita kwa jina lako na ukiitika unasahau kwenu, ni wa Somoe kutoka unywele hadi ukucha. Mimi nimechangia milango na ngazi.

Mara moja tu aliivunja sheria. Mbuzi waliingia kwenye mihogo, zamu ya kulinda ikiwa yangu, nikamwambia baba ni Somoe. Akachapwa na hakunitaja. Siku iliyofuata, chini ya mkorosho wa kwanza, akasimulia hivi: Chiku akarudi kwao, akanawa mikono, akala. Basi. Msimu mzima hatukuwa na hadithi, tuliokota kimya kama watu wasiojuana. Baba amekufa bila kujua ni nani aliyewaachia wale mbuzi.

Jumatano tulialikwa katika shule moja ya msingi hapa mjini. Somoe alikuja mapema, kajifunga khanga mpya, na kikapu cha mihogo kwa ajili ya walimu, kwa kuwa yeye haendi kwa watu mikono mitupu. Mwalimu aliyetupokea akadhani kaja na mambo ya jikoni, akamwonyesha benchi la nyuma, pamoja na akina mama wanaopika uji. Niliona. Nikasema moyoni nitarekebisha baadaye.

Nikasoma sura mbili. Watoto wakapiga makofi, kichwa kikanivimba. Ndipo msichana mmoja wa darasa la tano akasimama, kitabu mkononi, akauliza: "Na S ni nani?"

Walimu wote wakanigeukia. Wengi wao si wa huku, Kiswahili chao kimenyooka, na mimi kichwani nikamwona Somoe akisimama mbele yao kusema "ntu" na "ntoto".

Nikajibu: "Ni ndugu yangu. Yuko Dar es Salaam, anasoma chuo kikuu."

Lilitoka laini, bila kukwama popote. Nikaongeza hata kwamba anasomea fasihi.

Alikuwa hatua ishirini kutoka niliposimama.

Njia nzima hadi stendi sikumtazama. Nilizungumza habari za mvua, za bei ya korosho, za kila kitu kisichohusika. Alipopata kiti kwenye gari la Ziwani, akapakata kikapu chake kitupu, akasema kwa upole: "Yule ntoto kauliza vizuri."

Kisha, gari likianza kuondoka: "Na huyo ndugu yetu wa Dar, ukinkuta nsalimie."

Angenitukana ningepumua.

Jana daftari likaja. Nililifungua pale pale sokoni, nimesimama juani. Zamu iliyopita nilikuwa nimemwacha Chiku mbele ya Bibi wa Chumvi, jina lake limeshaitwa, mdomo wazi anataka kuitika. Ulikuwa mtego wangu bora, na nilikuwa nikitamba nao ofisini. Somoe ameujibu kwa mistari mitatu, kwa ule mwandiko wake wa mviringo. Chiku hakuitika. Akarudi kwao, akanawa mikono, akala. Basi.

Kurasa zilizobaki ni nyeupe.

Tangu jana najitetea. Kwamba nilimkinga asichekwe. Mbona yeye hakuogopa? Alivaa khanga mpya, akaja. Aliyeogopa kuchekwa ni mimi, kwamba nimetoka nyumba moja naye.

Nilifikiria kumwandikia sura, kijana mwongo ananaswa na Bibi wa Chumvi, analia, anasamehewa. Nikaandika mistari miwili nikaifuta. Hiyo nayo ni kutunga, na nimetunga vya kutosha wiki hii. Hata haya ninayoyaandika hapa ni rahisi mno, Somoe hajawahi kugusa kompyuta.

Mficha uchi hazai. Nimempigia simu mwalimu mkuu, amenipa dakika mbili kesho asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini. Nikitoka hapo naenda Ziwani, kazini watajua wenyewe. Sitamwomba aendelee na kitabu. Nitamwambia nilichosema shuleni, na nitamwambia habari ya mbuzi, ingawa yote mawili anayajua kunishinda.

Sentensi yenyewe nimekuwa nikiifanyia mazoezi tangu asubuhi. Ni fupi:

S ni dada yangu Somoe, ni mkulima wa Ziwani, na siku ile alikuwa amekaa nyuma yenu.