Mbegu Katika Shamba la Wenzao

Section 58, Nakuru
18 Mei 2008

Kwako dada yangu Cheptanui,

Hujambo? Na mama je, mgongo umempa nafasi? Na baba yako, Mzee Kosgei, bado anaamka kabla ya ng'ombe? Nimeanza na wazee kwa sababu najua ukikasirika utaiacha barua hii katikati, na sitaki uiache kabla ya kunijulisha hali yao.

Sisi hapa tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa baridi ya asubuhi, na kila tukiketi mezani anauliza kama wewe huko unakula vizuri, kana kwamba mimi ninakuona. Baba amefungua duka tena. Kitu kinachonunuliwa sana ni mabati na misumari, na ingawa ni biashara, haimfurahishi hata kidogo. Anapima bati huku ameangalia chini.

Barua hii inaletwa na binamu yako Cherono, niliyekutana naye sokoni akishusha viazi. Simu yako nimeipiga tangu Februari, na kila mara naambiwa hupatikani. Neno lako la mwisho kwangu ni ile meseji uliyotuma siku kaka yako alipokuja kukuchukua na lori: “Funga gemu, Simran. Futa kila kitu. Watu hawa si wa kuandaliwa sikukuu.” Bado ninayo. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Na dada, sikufuta.

Najua kwa nini ulisema hivyo. Tulipolianza gemu letu, wewe ukiandika hadithi na mimi nikiandika programu hapa kwenye kompyuta za saiba yetu juu ya duka la Baba, watu walitucheka. Walisema hakuna Mkenya atakayeketi mbele ya kompyuta akijifanya mganga wa Nyumba ya Heroe, yule ndege wa waridi wa ziwani, au mpiga mkuki wa Nyumba ya Chui. Wakaja, na wakaja na marafiki zao. Na hawakuja kwa ajili ya vita, maana vita viko katika kila gemu. Walikuja kwa ajili ya sikukuu zetu. Ile Diwali ya Novemba, ambapo kila mchezaji aliwasha taa kwenye mlango wa mtu mwingine, wala si wake. Ile Krismasi yako ya mbuzi, ambapo mgeni aliyejiunga jana alitafuta kuni na bingwa akateka maji, na bila wote wawili nyama haikuiva. Ni wewe uliyenifundisha kwamba sikukuu ambayo mtu mpya hana la kufanya ni mkutano wa wakubwa tu.

Kisha ikafika ile wiki ya mwisho ya Disemba na mbuzi wako hakuchinjwa. Matokeo ya kura yalipotangazwa, ukumbi wa maongezi ulijaa matusi. Watu wakaanza kuulizana majina ya baba zao. Heroe na chui, wanyama tuliowachagua kwa kupenda rangi zao tu, waligeuzwa makabila mbele ya macho yetu. Tukazima. Mwezi uliofuata moshi ulikuwa nje ya dirisha, na wewe ulikuwa umejificha nyumbani kwetu, kwenye chumba cha mama cha maombi, ukisikiliza vijana barabarani wakiuliza nyumba hii ina nani. Mtu aliyesikia hayo ana haki ya kusema futa. Lakini nami nilikuwa kwenye mlango wa barabarani, nikiwaambia hakuna mtu. Kwa hiyo nami nina haki ya kusema sifuti.

Mwezi wa Machi, mapatano yalipokwisha kutiwa sahihi, alinitembelea Gautam, yule wa kampuni ya Nairobi iliyotaka kulinunua gemu iliuze nchi nzima. Alikunywa chai ya mama, akasifu maandazi, kisha akaeleza anachotaka. Tufungue tena kwa sikukuu moja kubwa ya likizo ya Aprili: Heroe na Chui wawindane, na watakaoshinda wachome ghala la walioshindwa. Alisema watu wana hasira, na hasira ni soko. Akaniambia, “Wape wanachotaka, Simran.” Nikamwambia hicho walikwisha kupewa, na kama anabisha aende akawaulize walio kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho. Alicheka akidhani natania. Nilimwambia sikukuu nitaiandaa mimi, na asipoipenda anajua mlango uliko.

Basi nikaandaa Sikukuu ya Mvua. Nilikifungua kile kijiji cha mlimani ulichokiandika wewe, chenye ukungu unaoteremka kutoka kileleni, ambacho hatukuwahi kukitumia, nikakigawa mashamba mawili. Sharti lilikuwa moja tu. Mbegu ya Heroe haioti ila katika shamba la Chui, na ya Chui haioti ila katika shamba la Heroe. Ili upande, lazima mwenye shamba akufungulie lango kwa mkono wake. Mbegu zikishika pande zote mbili, mvua inanyesha. Hakuna mkuki unaovunja lango lile; nililijenga hivyo makusudi. Hakuna cha kununua wala cha kuiba. Atakayepanda anabaki na kibuyu kilichochorwa jina la mtu aliyemfungulia, atembee nacho mwaka mzima.

Hawakufungua.

Wallahi dada, hawakufungua. Walijipanga kila upande wa ua, mbegu mkononi, wakitukanana. Nami nilikuwa nimeandika nchi ikauke kila siku inayopita: majani yakawa ya manjano, mto ukawa mawe, ng'ombe wakaanza kulala chini. Wachezaji wakanigeukia mimi. Wengine waliniandikia kwamba Muhindi anatuchezea akili, arudi kwao. Gautam alipiga simu kila asubuhi akitaka nilegeze sharti. Alisema mwandaaji mzuri haachi wachezaji wake wachoke. Nikamjibu hawajachoka, wamenuna, na hayo ni mambo mawili. Akauliza nitafanya nini wasipofungua kabisa. Nikasema basi na ikauke. Sikukuu itakwisha bila mvua, nao wakumbuke kwamba ni wao.

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini nilipokata simu nikarudi kuutazama ule ua. Mtu hapendi kuona kazi yake ikifa mbele ya watu.

Aliyefungua ni mama mmoja anayeitwa Zeddy, mfanyakazi wa shamba la maua kule Naivasha. Nafikiri unamkumbuka kwa jina lake la gemu, Mama Ufagio, yule anayecheza kwa simu wakati wa mapumziko ya mchana na hajawahi kushinda pambano hata moja. Alimwandikia kijana wa Chui aliyekuwa langoni: “Wewe umesimama hapo tangu juzi, hiyo mbegu haijaoza?” Kijana akajibu bado. Mama akasema, “Haya ingia, lakini usinikanyagie vitunguu.”

Cheptanui, hakuna vitunguu katika gemu letu. Sijawahi kuviandika. Lakini yule kijana aliandika, “Sawa mathe, napita kando,” na nikamwona kwenye kioo cha kompyuta akizunguka pembeni mwa shamba tupu, polepole, akipisha vitunguu visivyokuwepo. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Baadaye nilizungumza na Zeddy kwa simu. Aliniambia Februari yote walifanya kazi wakizungukwa na nafasi za wenzao waliokimbia, maua yakiwa mengi kuliko mikono, na hakuna aliyetaja jina la mtu. Alisema alikuwa amechoka na watu kufungiana. Kisha mapumziko yakaisha.

Baada yake walifungua wengine. Si wote, kuna waliokaa kwenye ua wao mpaka mwisho na siwalaumu wala siwasifu. Lakini walitosha. Mvua ilianza Jumamosi mchana, na unajua walifanya nini? Hawakufanya kitu. Walisimama tu kijijini kwako, Heroe na Chui, wakiandika mmoja baada ya mwingine: inanyesha, inanyesha. Mwanafunzi mmoja aliyeko Kanada akaandika kwamba kwake ni theluji ila hapa inanyesha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua desturi yetu, kwamba sikukuu ikiisha majina ya waandaaji hutokea mbele ya wote. Safari hii niliombwa niliondoe lako. Gautam alisema jina la kwenu, kwa mji huu na kwa sasa, linaua biashara. Baba alisema anakupenda kama mwanawe, lakini vioo vya duka ni vingi na usiku ni mrefu. Watu hao wawili niliweza kuwajibu. Wa tatu alikuwa Gachanja.

Ndiyo, Gachanja wetu, bingwa wa Heroe, uliyekuwa ukipenda mzaha wake. Shamba lao lilikuwa Kuresoi, ng'ambo tu ya mto kutoka kwenu, na sidhani uliwahi kulijua hilo. Nyumba ilichomwa. Sasa anaishi kwenye hema na mama yake. Alipanda ngazi akaja saibani, hakupiga kelele. Alisema atacheza, maana ndicho kitu pekee cha zamani alichobaki nacho, lakini asilione jina la mtu wa kule. Nilimwambia alichotendewa ni uovu, na kwamba si wewe uliyeutenda. Akasema anajua. Kisha akasema, “Kujua hakunisaidii.”

Na wa nne ulikuwa wewe mwenyewe, na meseji yako.

Dada, nililiweka. Mvua ilipokuwa bado inanyesha nikayaandika majina yote mawili, Simran na Cheptanui, herufi za ukubwa mmoja, na chini yake nikaandika kwamba kijiji hiki ni cha Cheptanui, kila jiwe. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Nilikwisha kulificha jina lako mara moja, mlangoni kwetu, kwa sababu lingekuua. Sikuwa tayari kulificha mara ya pili kwa sababu tu linawaudhi watu. Kama nimekukosea, njoo unigombeze. Nitakaa kimya nisikilize.

Yaliyofuata usiyasikie kwa wengine. Gautam alijiondoa siku hiyo hiyo. Wachezaji wengi walitoka na hawajarudi. Mtu alirusha jiwe kwenye dirisha la saiba, na Baba, badala ya kunilaumu, alipanda na kioo kipya akakikata na kukitia mwenyewe, mdomo umejaa misumari midogo ili asilazimike kusema. Alikuwa amekwisha kuninunulia tikiti ya kwenda Uingereza kwa mjomba. Nilimwambia siendi. Akauliza kama ninabaki kwa ajili ya gemu la kompyuta. Nikamwambia babu alikuja hapa na reli akafia hapa, na kama ni lazima niondoke Nakuru nitaondoka siku ninayoitaka mimi, si siku aliyoichagua mrusha mawe. Hatujazungumza tena habari hiyo. Ila jana alinunua kufuli mpya ya saiba, akaniwekea funguo karibu na sahani yangu.

Na Gachanja. Naye alitoka majina yalipotokea, nikajua nimempoteza. Wiki hii alipanda ngazi tena. Hakuketi, wala hakutaka chai. Aliuliza ule ukungu wa pale kijijini aliuandika nani, mimi ama yule. Nikasema ni yule. Akatazama dirisha jipya, akasema, “Mwambie amekosea. Ukungu wa Kuresoi hauteremki mlimani. Unapanda kutoka mtoni, unaanza na miguu ya ng'ombe.” Akashuka, akaenda zake.

Sitakuandikia kwamba huo ni msamaha. Si msamaha, na mimi si mtu wa kumwombea mwingine msamaha wa kosa asilolitenda. Lakini alisema mwambie, na mimi nimekuambia.

Sijaurekebisha ukungu. Si wangu. Cherono anasema ukipanda kilima kile cha shuleni simu inashika vizuri, na neno lako la siri bado linafungua gemu, sikuligusa. Likizo ya Agosti inakuja, na sikukuu tutakayofanya ni ya kuvuna viazi. Mimi viazi navijua vikiwa kwenye gunia. Nikiachiwa peke yangu nitawafanya watu wavichume mtini, na Gachanja atapanda ngazi zile kila siku kunisumbua.

Nisalimie mama, mwambie mama yangu amempelekea dawa ya kuchua mgongo, imo kwenye mfuko aliouchukua Cherono. Nisalimie Mzee Kosgei kwa heshima zote, na kaka yako Kipketer pia, hata kama hataki salamu zangu. Mpe tu, atajua pa kuziweka.

Ni mimi, mkaidi wako,

Simran