Kopo Langu Ndani ya Mzinga wa Baba Mkwe

Shangazi Tereza wa redio, mpendwa wetu, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, na tafadhali sana jina langu usilisome hewani, maana mzee ambaye nataka kumwoa binti yake hakosi kipindi chako, hata shambani anatembea na redio.

Mimi ni kijana wa hapa Inyonga, nilipokuwa napika kwenye kambi ya wageni kule Sitalike nilifundishwa mchezo mtamu sana, unaficha kopo porini lenye vitu vidogovidogo na kikaratasi, unatuma kwenye mtandao mahali lilipo, mwenzako anakuja, simu inamfikisha karibu, hapo anatafuta kwa macho yake, akilipata anaandika jina, anachukua kitu kimoja anaacha kingine, analirudisha palepale, basi, hakuna kamari wala zawadi, ni raha ya kutembea tu, na mimi kila Jumapili nikitoka kanisani naingia porini na mbwa wangu Bosi, yule mwenye sikio moja lililokatika, tukipata kopo nampa dagaa, siku hizi ananishinda hata mimi mwenye simu.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita niliona mzinga wa gome juu ya mti, mkavu, hauna hata nyuki mmoja, nikajua umetelekezwa, nikapanda nikatumbukiza kopo, ndani kuna kibanio cha nywele, kifungo cha koti, ushanga mwekundu na kikaratasi bado kitupu, kumbe mwenyewe alikuwa ameusafisha anasubiri nyuki waingie, na mwenyewe ni nani, ni baba yake Happiness, lo, jina nimelitaja, basi tena!

Mzee alipolifungua lile kopo aliteremka mti nusura aanguke. Anasema amefungwa, kuna mtu kamfungia asali yake kwa dawa, na tangu siku hiyo hajakanyaga porini na msimu wa kulina ndio huu, mizinga yake mingine imejaa. Anamshuku jirani yake Salvatori kwa sababu mizinga yao imepakana, salamu hakuna tena, hata kanisani kila mtu na benchi lake, na mimi nimekaa kimya maana posa napeleka karibuni, nikisema ni mimi ataniona mchawi, au mwendawazimu anayepandisha vibanio vya nywele mitini.

Juzi kaniita. "Kijana, mbwa wako nasikia ana pua. Jumamosi niazime, namnusisha hiki kitu mbele za watu, mwenye nacho tutamjua." Akalitoa kopo. Bosi kuliona tu, mkia huo! Akanusa, akaja kukaa juu ya miguu yangu huku anaangalia mfuko wangu wa dagaa. Mzee akafurahi kwelikweli, "Unaona? Ameshaanza kazi!" Mimi nikaitika sawa baba, jasho linanitiririka. Je, niseme mbwa anaumwa? Nikimbilie Mpanda? Happiness nampenda Shangazi, nikimkosa sijui nitakuwa mgeni wa nani.

Ni mimi, Mwenye Mbwa.

JIBU

Marahaba, Mwenye Mbwa. Nimecheka mpaka fundi mitambo kanizimia kipaza sauti. Halafu nikaisoma barua mara ya pili, hasira zikanipanda.

Wewe umezaliwa Inyonga, umekua unalamba asali, hujui kwamba mzinga una mwenyewe hata ukiwa mtupu? Mtu akiacha jembe lake shambani akaenda kunywa maji, unalibeba? Mchezo wako ni mzuri, magoti yangeniruhusu ningekuja na mimi. Ila ungeanza kwa kuuliza, na huyo mzee angekuonyesha miti mizuri kuliko yote unayoijua.

Tena hapo mwenye hali mbaya si wewe. Ni Salvatori. Jina lake nalisoma makusudi, watu walisikie: Salvatori hajafanya kitu. Sote tunajua neno la uchawi likimkaa mtu huku kwetu linaweza kumfikisha wapi, nawe umekaa kimya ili posa yako isichafuke! Shame on wewe, mwanangu, na ninakwambia hivyo kwa upendo.

Kwa hiyo usimsingizie mbwa ugonjwa. Nenda kwa mzee, piga magoti, sema ni kopo langu, mwonyeshe na simu aone kwa macho yake. Kisha mwende wote wawili kwa Salvatori, nako upige magoti. Wakishakusamehe, wewe ndiye utakayebeba ndoo siku ya kulina, na nyuki wakikuuma nyamaza, umestahili. Posa itazungumzwa baada ya hapo.

Sasa nisikilize vizuri. Jina lako sijalisoma, nimekutii. Lakini umeniandikia Inyonga, ukaandika Bosi, ukaandika sikio lililokatika, ukaandika na Happiness! Na mwenyewe umesema mzee hakosi kipindi. Mwanangu, vaa viatu sasa hivi. Nawawekea kwaya moja ndefu, ina beti nyingi. Ikimalizika uwe umeshapiga hodi.

Na wewe baba, najua unanisikia. Kibanio cha nywele hakifungi asali ya mtu, mizinga yako ni mizima, kesho nenda kaline. Akifika huyo mwenye mbwa, mfungulie mlango. Ni mjinga kidogo, lakini atakuwa amekuja kabla ya Jumamosi, kwa miguu yake.